Koko hajawahi kulazwa, presha ataitoa wapi?



Kuna maneno ambayo ukikaa na wazee barazani, au ukipanga foleni hospitalini, hukawii kuyasikia: "Presha ni ugonjwa wa watu wa mjini." Wengine huenda mbali zaidi na kutaja makabila. Utaambiwa Mmasai hana presha, Mhadzabe hana presha, na mfugaji anayekunywa maziwa na kutembea na ng'ombe kutwa nzima presha ataitoa wapi? Maneno haya yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanaaminika. Lakini ukweli huo ukishikwa upande mmoja tu, unaweza kumpoteza mzazi wako huku mkimwangalia.

Msomaji wetu mmoja wa Arusha, ambaye jina lake nalihifadhi, ameniandikia kuhusu mama mkwe wake. Ukame ulimaliza mifugo nyumbani kwao Longido, mumewe akamleta mama yake aishi nao mjini. Huu ni mwaka wa tatu. Mama huyo, ambaye wajukuu wanamwita koko, anakaribia miaka 65 na hajawahi kulazwa hospitalini maisha yake yote. Mwaka huu alipelekwa zahanati kwa sababu ya kifua kilichombana, akapimwa na presha ikasoma 178 kwa 104. Wiki iliyofuata ikasoma 172 kwa 100. Akaandikiwa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akaona yuko sawa, akaviacha. Mumewe anasema wazee wao waliishi miaka mingi bila vidonge, na kwamba mashine ya zahanati ndiyo mbovu.

"Mimi ni mkwe tu," anaandika dada yetu. "Nikisema sana naonekana nataka kumtawala mama wa watu. Nikinyamaza naogopa. Nifanye nini?"

Dada yangu, swali lako ni la nyumba nyingi, si yako peke yako. Nitakujibu. Kwanza tuyapime maneno ya mumeo, tuone yana ukweli kiasi gani.

Wazee hawakudanganya

Mumeo hajayatunga. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kenya upande wa Ziwa Victoria, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima presha wenyeji wapatao 1,000. Kwao Ulaya, madaktari walizoea kuona presha ikipanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu wale wa Kenya haikupanda baada ya miaka 40, bali ilielekea kushuka. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 aliowalaza katika miaka miwili, hakumpata hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha ya kupanda.

Miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima wanaume 400 wa Kimasai huku kwetu, wakati huo bado Tanganyika. Walitarajia kwamba watu wanaoishi kwa maziwa na nyama watakuwa na mishipa iliyojaa mafuta. Wakakuta kinyume chake: dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa haba mno.

Wahadzabe nao, jamii ndogo inayoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, wamepimwa miaka ya karibuni. Wale ambao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali, presha ya kupanda ni nadra kwao. Watafiti waliowafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo waliona kwamba kwa siku wanatumia zaidi ya saa mbili katika shughuli za kuutoa mwili jasho au kuukaribisha jasho. Hawaendi mazoezini. Ni maisha yao tu.

Na si Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uitwao INTERSALT, uliowapima watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32. Vituo vinne vilikuwa vya jamii zilizoishi mbali na maisha ya kisasa: Wayanomami na watu wa Xingu wa Brazil, watu wa milima ya Papua New Guinea, na wanavijiji wa Kenya. Katika vituo hivyo vinne presha ilikuwa ya chini, na haikupanda na umri kama ilivyopanda kwingine, au ilipanda kidogo sana. Wayanomami walikuwa na wastani usiofika 100 kwa namba ya juu. Chumvi waliyokula, ambayo hupimwa kwenye mkojo, ilikuwa karibu na hakuna.

Kwa hiyo mumeo ana hoja. Presha kupanda si lazima ya uzee. Mtu anaweza kufika miaka 60 presha yake ikiwa kama ya kijana. Hilo ni jambo la kututia moyo sisi sote.

Lakini haikuwa damu

Hapa ndipo ukweli unaposhikwa upande mmoja. Watu wanadhani wazee wale walilindwa na damu yao, na kwa kuwa damu hairudi nyuma, basi mtoto na mjukuu nao wamelindwa. Je, ni kweli?

Jibu lilipatikana hapo hapo Kenya. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Ni kabila lile lile, vijiji vile vile, damu ile ile. Katika miezi ya mwanzo tu ya kuishi mjini, presha ya waliohama ikawa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka na madini ya potasiamu, yale tunayoyapata kwenye matunda na mboga, yamepungua. Uzito nao uliongezeka, na mapigo ya moyo yakawa ya haraka zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1990. Damu haikubadilika ndani ya miezi michache. Kilichobadilika ni sufuria, miguu na mawazo.

Ng'ambo ya bahari, nchini Panama, kuna watu wa asili waitwao Waguna wanaoishi visiwani. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba kwa Waguna wa visiwani presha haikuwa ikipanda na umri, na wenye ugonjwa huo walikuwa wachache mno. Kwa wenzao waliohamia jijini Panama City, waliougua walikuwa wengi zaidi, hasa wazee. La kushangaza ni kwamba wale wa visiwani hawakuwa wakila chumvi kidogo. Nakitaja kisa hiki ili tusidhani kwamba chumvi ndiyo hadithi yote. Mtu anapohama hahami na mlo tu. Anaacha kazi zake, njia zake za kutembea, majirani zake, usingizi wake na mara nyingi heshima yake.

Na siku hizi huhitaji kuhama. Mji wenyewe umekufuata. Duka la kijijini lina soda, biskuti, mafuta ya kula ya bei nafuu na viungo vya pakiti. Malisho yakipungua na ng'ombe wakiuzwa, maziwa yanapungua kwenye boma, na nafasi yake inachukuliwa na ugali na chai yenye sukari nyingi. Bodaboda inampeleka mtu mnadani mahali ambapo baba yake alipaendea kwa miguu. Kijana anaondoka kwenda kulinda majengo ya watu usiku, analala mchana kwa vipande vipande, anakula chipsi saa tano usiku na kushushia soda ili asisinzie. Huyo bado ni Mmasai, bado ana shuka lake na fimbo yake. Ndani ya mishipa yake ni mtu wa mjini.

Nisieleweke vibaya. Sisemi turudi porini. Wazee wale tunaowasifu walizika watoto wengi kwa surua na malaria, na wanawake wengi walipotea wakati wa kujifungua. Chanjo na zahanati vimeokoa maisha yao kama vilivyookoa yetu. Ninachosema ni kwamba tumepokea mambo mapya kwa pamoja, mema na mabaya, na kipimo cha presha ni mojawapo ya yale mema ambayo tunayaacha mlangoni.

Mambo yanayoipandisha

Chumvi. Chumvi huvuta maji. Ukila nyingi, maji zaidi yanabaki ndani ya mishipa, moyo unasukuma mzigo mkubwa, na figo zinaelemewa na kazi ya kuitoa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni sawa na kijiko kimoja cha chai kisicho na kichuguu. Hicho ni kwa siku nzima na kwa kila kitu, si kwa chungu kimoja. Ndani yake hesabu dagaa wa chumvi, ng'onda, mkate, chipsi na vidonge vya mchuzi.

Magadi. Hili wengi hawalijui. Magadi tunayotia kwenye maharage, makande na mlenda ili viive haraka au vilainike yana sodiamu, kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha. Mama anaweza kujisifu kwamba amepunguza chumvi huku kila siku akitia magadi kwenye sufuria. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Yataiva.

Uzito, hasa wa tumboni. Katika jamii zetu unene umekuwa ushahidi wa kutunzwa vizuri. Mzazi akija mjini akanenepa, tunampiga picha na kuituma nyumbani waone. Mwili ukiongezeka, moyo una eneo kubwa zaidi la kuhudumia.

Kukaa. Dada yetu ameandika kwamba koko siku nzima yuko ndani. Hajui mitaa, anaogopa pikipiki, na hana wa kuzungumza naye kwa lugha yake mpaka watoto warudi shule. Mwanamke aliyekuwa akibeba kuni, kuchota maji mbali, kukamua na kukandika nyumba kwa mikono yake sasa anatoka kitandani kwenda kwenye kochi. Sisi tunaita kumpumzisha. Mwili wake haujui pumziko la namna hiyo.

Ugoro, sigara na pombe. Ugoro hauna moshi, kwa hiyo wengi wanauona salama. Nikotini iliyomo hubana mishipa na kuukimbiza moyo, iwe imepitia puani, mdomoni au kwenye mapafu. Pombe nayo, ya dukani au ya kienyeji, hupandisha presha ikizoeleka.

Mawazo na usingizi. Mtu aliyepoteza ng'ombe hakupoteza mali tu. Amepoteza kazi, akiba na sauti yake mbele ya watu. Huzuni ya namna hiyo humnyima mtu usingizi, na usingizi ukikosekana usiku baada ya usiku presha haitulii.

Magonjwa mengine na urithi. Kisukari na magonjwa ya figo hutembea pamoja na presha. Na kama baba au mama alikuwa nayo, wewe uko karibu nayo zaidi. Mjamzito naye apimwe kila anapokwenda kliniki, kwa sababu presha ya ujauzito inaweza kuleta kifafa cha mimba hata kwa msichana mdogo asiye na historia yoyote.

Kukosa kupimwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. WHO inakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.2 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 duniani wana presha ya kupanda, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu yao hawajui. Zahanati ikiwa mbali, na wewe ukiamini kabila lako halipati ugonjwa huo, utaifuata ya nini?

Namba zile zinasema nini

Namba ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya pili ni nguvu yake moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Chini ya 120 kwa 80 ni vizuri. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, huo ni ugonjwa.

Mashine inaweza kudanganya, hilo nakubaliana na shemeji yetu. Ndiyo maana kuna utaratibu. Mtu akae apumzike dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa nne, na mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe ametumia kahawa, sigara au ugoro katika nusu saa iliyopita, na asiwe amebanwa na haja ndogo. Mkanda ufungwe kwenye mkono wenyewe, si juu ya nguo. Apimwe zaidi ya mara moja. Mkiwa bado na shaka, nendeni kituo kingine. Lakini 178 kwa 104 leo na 172 kwa 100 wiki inayofuata si mashine mbovu. Mashine mbovu haina kumbukumbu nzuri hivyo.

Na kuhusu kujisikia vizuri: watu wengi wenye presha hawaumwi popote. Kichwa hakiumi, macho yanaona, kazi zinafanyika. Ndani kwa ndani mishipa inachakaa, moyo unatanuka, figo zinakufa polepole. Kwa wengi dalili ya kwanza ni kiharusi. Kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo, kabla ya dawa wala baada yake. Vidonge haviondoi ugonjwa, vinaushikilia tu, kama breki kwenye mteremko. Gari limesimama kwa sababu mguu uko kwenye breki. Ukiutoa, linaondoka.

Sasa, dada yangu wa Arusha

Umesema wewe ni mkwe tu. Basi usianze na koko. Anza na mumeo, na usianze kwa kumwambia amekosea.

Mpe haki yake kwanza. Mwambie umesoma na umeona wazee wao kweli hawakuwa na presha, na si Wamasai peke yao. Halafu muulize swali moja kwa upole: mama anaishi maisha yale? Mwache alijibu mwenyewe. Mtoto wa kiume anayempenda mama yake hapendi kushindwa katika mabishano kuhusu mama yake, lakini akijibu mwenyewe hajashindwa na mtu.

Kisha mwombe jambo ambalo si la koko. Mwombe akapime yeye. Umeandika kwamba ni mlinzi wa usiku, ana miaka 41, na hujawahi kumwona akipimwa. Mimi ningekuwa na wasiwasi naye sawasawa na mama yake. Nendeni siku moja wote, wewe, yeye na koko, muwekwe mkanda mmoja baada ya mwingine. Mzee anayeona mwanawe amekunja mkono wa shati na kupimwa haoni tena kwamba ameletwa kama mgonjwa au mzigo. Anaona nyumba imekwenda kupimwa. Na maneno ya dawa yasemwe na nesi mbele ya mwanawe, ikiwezekana kwa Kimaa, si na wewe jikoni.

Mkifika, ulizeni dirisha la wazee. Mwelezeni nesi ukweli wote: kwamba vidonge viliachwa, tangu lini, na kwa nini. Kama koko anatumia supu ya mizizi au dawa nyingine ya kienyeji, semeni, kwa sababu baadhi ya miti huingiliana na dawa za hospitali. Hamtafukuzwa. Asianze tena vile vidonge vilivyobaki kabatini kwa kukadiria. Wapimeni kwanza, waandike upya. Na kama vidonge vilimletea kikohozi, kuvimba miguu au kizunguzungu, dawa za presha ziko za aina nyingi na zinaweza kubadilishwa.

Nyumbani, usimpikie koko chungu chake. Mzee aliyetengewa mboga isiyo na chumvi atajiona ameanza kutengwa, na jirani atamletea yenye chumvi. Punguza kwa nyumba nzima, kidogo kidogo, wiki hii robo, wiki ijayo robo nyingine. Ulimi huzoea. Ongeza limau, kitunguu saumu, tangawizi, na uondoe chumvi mezani. Maziwa aendelee nayo, ndiyo chakula alichokulia. Ongeza mchicha, ndizi na machungwa, isipokuwa kama daktari amesema figo zake zina shida, hapo aulizwe yeye kwanza. Sukari kwenye chai ipungue kwa wote.

Halafu mrudishie miguu yake. WHO inashauri angalau dakika 150 za kutembea au shughuli ya namna hiyo kwa wiki, na mzee wa boma anaweza kuzipita hizo kama atapata njia na mtu wa kwenda naye. Mjukuu amsindikize jioni mpaka sokoni na kurudi. Kama kuna wamama wa kwao wanaokaa pamoja wakitunga shanga, mpeleke akakae nao, na aende kwa miguu. Kama mna nafasi nyuma ya nyumba, mpeni hata mbuzi wawili. Usicheke. Mtu mwenye mbuzi anaamka asubuhi na ana sababu ya kuamka.

Kwa kumeza dawa, unganisheni na jambo asilolisahau. Chai ya asubuhi ni nzuri. Mjukuu awe ndiye anayeileta, chai na kidonge pamoja, kila siku saa ile ile. Koko atamkatalia mkwe, atamkatalia hata mwanawe, lakini ni wachache wanaomkatalia mjukuu. Na vidonge visisubiri kuisha ndipo mkumbuke kurudi kliniki.

Kila nyumba ijue haya

Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, maneno yakikwama au yakitoka yasiyoeleweka, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Usimpe maji wala chakula, anaweza kupaliwa. Usimwongezee kidonge cha presha kwa kukisia. Usisubiri asubuhi, usianze kwa kutafuta nani amemloga. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ukumbuke saa iliyoanza, kwa sababu daktari ataiuliza. Maumivu makali ya kifua, kupumua kwa shida au kuona giza ghafla kwa mtu mwenye presha navyo havingoji.

Kwa wengine wote, ambao leo hamwumwi popote, ombi langu ni dogo. Kila mtu aliyefikisha miaka 18 anastahili kuijua presha yake, na aliyepita 40 aipime angalau mara moja kila mwaka. Iandike kwenye karatasi, na tarehe. Mkienda kijijini kusalimia wazazi, pamoja na sukari na majani ya chai mnayowapelekea, wachukueni siku moja mkapime nao zahanati. Huchukua muda mfupi kuliko kuchinja mbuzi, na mbuzi mtamla mkirudi.

Wazee wa zamani walituachia ushahidi kwamba mwili wa mwanadamu unaweza kuzeeka bila presha. Hawakutuachia kinga.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.